Kimya kipi unakiweza? My Mister au My Liberation Notes

"Huyu binti mbona anajisikia hivyo?" Ndivyo mama alivyouliza siku nilipowawekea nyumbani tamthilia ya Kikorea, My Mister. Lee Ji-an alikuwa ndiyo kwanza ameingia ofisini. Hakumsalimia mtu, akaketi na kuinamia kompyuta kana kwamba wenzake wote ni viti. Kwa mama, asiyesalimia hana wakili. Baadaye tukamwona binti yuleyule chumbani kwake, mwanga hafifu, anachana pakiti za kahawa alizochukua kwa siri kazini, anazimimina zote katika kikombe kimoja na kunywa. Hicho ndicho alichorudi nacho, pamoja na mabaki ya chakula cha watu kutoka mgahawani anakoosha vyombo usiku. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwani hana watu?"

Safari hiyo, kutoka "anajisikia" hadi "hana watu", kila mtazamaji wa tamthilia hizi huianza. Wapo wanaoimaliza katika sehemu moja, wapo wanaohitaji sita, na wapo wanaoshuka njiani wakisema Wakorea hawa wamenuna tu bila sababu. Nimekuwa nikiulizwa mara nyingi na marafiki waanze na ipi kati ya My Mister na My Liberation Notes, na najua kwa nini swali linawasumbua. Zote mbili zimeandikwa na mtu mmoja, Park Hae-young. Zote zina sehemu 16, na zote zimejaa watu wanaomezea. Ukisoma muhtasari utadhani ni maji na maji. Ukizitazama, moja inaweza kukushika mkono na nyingine ikakufukuza, na sababu yake inaelezeka.

Tuanze na yanayofanana. My Mister ilirushwa na kituo cha tvN kuanzia Machi hadi Mei 2018, ikiongozwa na Kim Won-seok. My Liberation Notes ilirushwa na JTBC mwezi wa Aprili na Mei 2022, chini ya Kim Seok-yoon. Huko kwao Korea Kusini zote zilianza na watazamaji wachache: ya kwanza karibu asilimia 4, ya pili chini kidogo ya asilimia 3. Zilipofika mwisho, ya kwanza ilikuwa imepita asilimia 7 na ya pili imepita 6. Naamini takwimu hizo zinasema jambo kuhusu wahusika wenyewe. Mtu aliyejifunga humpendi siku ya kwanza. Hata majirani wa aina hiyo tunao, mnaishi ukuta kwa ukuta miaka miwili ndipo mnaanza kuombana chumvi.

Sasa tofauti, nayo kwangu iko katika swali moja: je, tamthilia inakupa wewe mtazamaji dirisha la kuchungulia ndani ya mtu huyo, hata kama wenzake kwenye hadithi hawana?

My Mister inakupa, tena kwa namna ya ajabu. Ji-an ana miaka 21, ana bibi kiziwi asiyeweza kutembea, na ana deni la aina ambayo sisi tungeiita kausha damu. Mkurugenzi wa kampuni anataka Park Dong-hoon, mhandisi wa makamo anayekagua usalama wa majengo, aondolewe kazini, na Ji-an anakubali kuifanya kazi hiyo kwa malipo. Anaitega simu ya Dong-hoon. Tangu hapo anatembea na hedifoni masikioni, kwenye treni, njiani, kitandani, akimsikiliza mtu huyu akiishi: hatua zake, pumzi zake, sauti ya glasi ikiwekwa mezani, mazungumzo yake na kaka yake na mdogo wake. Nasi tunasikia naye.

Fikiria ujanja wa mpango huo. Dong-hoon ni mtu wa kufa na tai shingoni. Bosi wake alikuwa nyuma yake chuoni, jambo zito katika nchi ambayo mtangulizi hubaki mtangulizi hadi uzeeni, na mke wake ana uhusiano na bosi huyohuyo. Haya yote anayabeba bila kumwambia mtu. Mezani kwa mama yake anakula na kutabasamu. Angekuwa kwenye tamthilia nyingine tungemwona mzembe, mwanamume asiye na msimamo. Lakini tunamsikia akishusha pumzi barabarani usiku, peke yake, akidhani hakuna anayesikia, na pumzi hiyo inatosha. Hata Ji-an, aliyekuja kumwangamiza, anaanza kubadilika kwa sababu ya kile anachokisikia.

Kwa hiyo malalamiko ya "mbona hasemi" hayadumu sana kwa watazamaji wa My Mister. Hasemi, ndiyo, lakini wewe unajua. Unakaa kwenye nafasi ya mtu mwenye siri ya mwenzake, na nafasi hiyo ina uzito wake. Dada yangu alikuwa anaongea na skrini: "Mwambie basi! Mwambie!" Mtu haongei na skrini kama haimhusu.

Malalamiko yake ni mengine, na ni haki kuyataja kabla hujaanza. La kwanza ni umri. Mwanamume ni wa arobaini na kitu, binti ni wa ishirini na moja, na jina lenyewe la Kikorea linatumia neno ajeossi, ambalo Mkorea humwitia mwanamume mzima asiye ndugu yake, kama tunavyosema "anko" kwa jirani au dereva. Mwaka 2018 watazamaji wengi wa Korea walikasirika wakidhani wanaletewa mapenzi ya mzee na mtoto. Nakuhakikishia hawawi wapenzi. Kinachokua kati yao ni huruma ya watu wawili wanaotambuana, na ukifika katikati utaona aibu kwamba uliwashuku. La pili ni zito zaidi. Katika sehemu ya kwanza Ji-an anapigwa na kijana anayemdai, anapigwa vibaya, na kamera haigeuki. Yupo mtu atakayeshindwa kuendelea hapo, na simlaumu. Kama umeishi na kipigo, mwombe mtu mwingine aitangulie sehemu hiyo akusimulie.

Ila usiikose picha ya toroli. Ji-an hana kiti cha magurudumu, kwa hiyo anamsukuma bibi yake ndani ya toroli la supamaketi, amemfunika vizuri, ili akauone mwezi. Bibi hasikii, wanazungumza kwa mikono. Binti ambaye ofisini hata "habari za asubuhi" hana, mikono yake inamwongelesha bibi kwa upole ambao hujawahi kuuona usoni pake. Mwigizaji ni IU, mwimbaji maarufu sana kwao, na kwa sehemu nyingi hakuruhusiwa na mhusika wake hata tabasamu moja la kumsaidia. Kazi yote ameifanya kwa macho na mabega. Dong-hoon aliigizwa na Lee Sun-kyun, aliyefariki Desemba 2023, na tangu hapo mimi siwezi kuitazama bila koo kukaza. Katika tuzo za Baeksang za 2019, ambazo ni tuzo kubwa za filamu na tamthilia huko Korea Kusini, ndiyo iliyochukua tuzo ya tamthilia bora, na Park Hae-young akapewa ya uandishi.

My Liberation Notes inakunyima dirisha hilo, na hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika.

Ndugu watatu, Ki-jeong, Chang-hee na Mi-jeong, wanaishi na wazazi wao kijiji cha kubuni kiitwacho Sanpo, mkoani Gyeonggi, na kila siku wanakwenda kufanya kazi Seoul na kurudi. Wakikosa treni ya mwisho, wanachangishana teksi. Baba yao anatengeneza sinki na makabati ya jikoni na ana shamba. Pembeni yupo mwanamume mmoja, Bwana Gu. Hakuna anayejua jina lake kamili. Anamsaidia baba kazi mchana, na jioni anakaa mbele ya nyumba yake anakunywa soju, pombe ya Kikorea, mpaka usingizi umchukue. Hasalimii, haulizi, hajibu. Chumba chake kimejaa chupa tupu. Huyu ndiye mkauzu kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye tamthilia ya Kikorea.

Mi-jeong tunamsikia mara mojamoja, sauti yake ya ndani ikipita juu ya picha, kwa hiyo yeye ana kidirisha. Gu hana. Kwa sehemu nyingi tunamwona kama jirani wa mbali anavyomwona: mgongo wake, glasi yake, moshi wa jioni shambani. Mtazamaji anaachwa nje ya mlango pamoja na Mi-jeong, na lazima aamue kama atagonga.

Niliowatazamisha wamekuwa makundi mawili, na sijaona wa katikati. Kundi la kwanza linachoka: "Watu wanakula tu na kutembea." Ni kweli, wanakula sana, tena kimya, baba akiwa wa kwanza kumaliza na kuondoka mezani. Kundi la pili linaingiwa na kitu ambacho hata halikielezi, linaanza kutembea polepole kutoka kituoni, linaanza kuangalia machweo. Waliomo kundi la pili karibu wote ni watu ambao hawana msiba wowote wa kutaja. Wana kazi, wana nyumba, hawaumwi, na bado wamechoka. Mi-jeong ni mtu wao. Hajapigwa na mtu, hana bibi wa kubeba. Ana deni, ndiyo, ambalo mpenzi wake wa zamani alimwachia, na barua za benki anaomba zipelekwe kwa Gu ili wazazi wasizione. Lakini uchovu wake ni mkubwa kuliko deni. Ni uchovu wa kutokupendwa hata kidogo, mwaka baada ya mwaka, bila mtu wa kumshtaki.

Hapo linakuja neno lililowashangaza hata Wakorea wenyewe. Mwishoni mwa sehemu ya pili Mi-jeong anamwendea Gu na kumwambia, kwa ufupi, kwamba kupendwa tu hakumtoshi, anataka chuang. Neno hilo ni la kitabuni, watu hawalitumii barabarani, na mwaka 2022 lilizungumzwa sana huko kwao. Kwenye tafsiri nyingi utaliona limewekwa kwa maana ya kuabudu, nawe kama ulilelewa kwenye dini utashtuka na kumwona binti amekufuru. Chuang ni kumwinua mtu na kumtazama kama aliye juu yako, kwa heshima. Mimi ningelitafsiri kwa kuenzi. "Nienzi." Jaribu kulisikia hivyo, utaona jinsi ombi linavyobadilika: mtu aliyedharauliwa anamwomba mlevi amwenzi, na yeye atamwenzi mlevi, ili wote wawili wawe watu wengine kabla ya majira kubadilika. Neno jingine lenye bahati katika lugha yetu ni lile la jina la tamthilia. Haebang ni ukombozi, neno ambalo Wakorea hulitumia pia kwa mwaka 1945 walipotoka chini ya Japani. Nasi tunapolisema ukombozi tunasikia nchi na bendera. Mi-jeong na wenzake wawili wa ofisini wanaunda klabu ya ukombozi ambayo kanuni yake ni kutokupeana ushauri wala faraja. Unasema yako, wenzako wanasikiliza, basi. Sisi tuliozoea kwamba mtu akifunguka lazima apewe pole na mawaidha tutaona ni ukatili. Mimi nilipoitazama mara ya pili niliona ni adabu.

Onyo langu kwa hii ni kuhusu pombe. Watazamaji wengi wamempenda Gu, Son Seok-koo amemwigiza kwa mvuto mkubwa, na kimya chake kinapendeza kwenye skrini. Kama nyumbani kwenu mlikuwa na mtu wa chupa, huenda hutaona mvuto wowote, utaona tu kile ulichokikimbia. Rafiki yangu mmoja alinirudishia sehemu ya tatu akaniambia, "Huyu nimeishi naye." Nilimwelewa, sikumshawishi.

Jambo jingine linahusu namna utakavyozitazama. Tuliokulia kwenye vibanda umiza tunazipenda filamu zilizotafsiriwa kwa sauti, msimulizi akiongea juu ya picha na kuongeza chumvi yake. Kwa filamu za mapigano ni raha tupu. Kwa hizi mbili ni hasara, kwa sababu msimulizi hawezi kuvumilia ukimya, lazima aujaze. Pumzi ya Dong-hoon ikifunikwa na maneno, hadithi imekwisha. Tafuta yenye maandishi ya tafsiri chini ya skrini na sauti ya Kikorea ibaki, hata kama utasoma polepole na kurudisha nyuma mara kadhaa.

Kuna wanaoniambia hawana subira kwa yoyote kati ya hizo. Kwao nina njia mbili za mkato.

Ya kwanza ni Stranger, tvN, 2017, sehemu 16, na msimu wa pili ulifuata 2020. Mwendesha mashtaka Hwang Si-mok alifanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni kwa sababu sauti zilikuwa zinamtesa, na hisia zake nyingi zikaondoka na upasuaji huo. Hapa kimya hakimkeri mtu, maana tumeshaambiwa sababu mapema, hatuhisi tunakataliwa. Halafu kuna mauaji ya kuchunguza, rushwa ndani ya ofisi ya mashtaka, na mpelelezi Han Yeo-jin ambaye Bae Doona amempa uchangamfu wa kutosha wawili. Cho Seung-woo alipata tuzo ya Baeksang ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2018 kwa kumwigiza Si-mok, naye akitabasamu nusu tabasamu katika tamthilia hii utalikumbuka wiki nzima. Kwa anayependa kesi na fumbo, aanzie hapa, asitazame nyuma.

Ya pili ni It's Okay to Not Be Okay ya 2020. Moon Gang-tae ni mhudumu katika hospitali ya magonjwa ya akili, anamlea kaka yake mwenye usonji, na amejifunga kwa njia ambayo wengi hawaitambui: anatabasamu. Ana tabasamu la kazini, la kwa kaka yake, la kwa kila anayemkosea. Ndiye anayefanana zaidi na watu ninaowajua, hasa watoto wa kwanza. Rangi ni nyingi, mavazi ya Ko Moon-young, mwandishi wa vitabu vya watoto, peke yake yanastahili kutazamwa, na watu wanalia na kupigana waziwazi, kwa hiyo anayechoshwa na ukimya hatasinzia. Kwangu inaeleza mno. Kila jeraha linapewa hadithi yake ya watoto na ufunguo wake. Lakini kumbatio la kipepeo, mikono imepishana kifuani unajipigapiga mabega taratibu, nimewahi kujifanyia mwenyewe usiku mmoja mbaya, na lilinisaidia.

Turudi kwenye swali la mwanzo. Kama una machungu yenye jina, deni, mgonjwa wa kuuguza, ndoa inayovuja, anza na My Mister. Dong-hoon anaeleza mahali fulani kwamba jengo lolote linashindana na nguvu zinazolisukuma kutoka nje, na linasimama kama nguvu yake ya ndani inazidi. Maneno hayo yanakaa mahali pake kwa mtu anayebebeshwa. Kama utatazama na wazazi, anza pia na hiyo, kwa sababu kuna mama wa ndugu watatu anayepika, kuna baa ya mtaani, kuna jirani wanaojitokeza kwenye shida, na mzee wa kwetu yeyote ataijua jamii hiyo mara moja.

Kama machungu yako hayana jina, kama ukiulizwa "una nini" unajibu "sina kitu" na ni kweli na si kweli, nenda My Liberation Notes. Itazame peke yako, jioni, sehemu moja kwa siku. Ukizimeza tatu mfululizo utachoka nayo, kwa sababu imejengwa kwa siku zinazofanana na wewe utazihisi kama mzigo.

Na usiiache kabla ya sehemu ya nne. Kofia ya Mi-jeong inapeperushwa na upepo hadi ng'ambo ya mtaro mpana shambani. Gu, ambaye mpaka wakati huo tumemwona akiketi tu na kuinua glasi, anasimama, anarudi nyuma hatua nyingi, anakimbia na kuruka. Hasemi neno kabla wala baada. Dada yangu, aliyekuwa ameshamwita mlevi na mkauzu tangu sehemu ya kwanza, alinipokonya rimoti akairudisha nyuma, akaitazama tena, akairudisha tena, kisha akaniuliza kama sehemu ya tano ninayo.